Freni za nyuma kwenye njia ya Pangi: namna ya kubadilisha diski na plaketi nyumbani

Motokari inayotoka Kindu kwenda Kalima na Pangi inavuka kwanza mto Lualaba kwa kivuko, mpaka ng'ambo ya Alunguli. Ikiisha kusimama juu ya kivuko, freni ya mkono ndiyo inaishikilia. Kwenye motokari karibu zote, freni hiyo inakamata magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa hiyo, hata kama freni za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa ya kusimamisha, zile za nyuma si za kuacha zichoke mpaka mwisho.

Matope mekundu ya njia hii yanasaga freni, juu mchanga unaingia katikati ya plaketi na diski. Kwa wakaaji wengi wa Pangi garaji yenye vifaa iko mbali, na kazi inafanyika uani. Inawezekana, lakini inaomba uangalifu.

Kuangalia kwanza

Si kila motokari iko na diski nyuma. Pikapu nyingi, kama Toyota Hilux, ziko na tamburi, na kazi yake ni nyingine. Inatosha kuchungulia kwenye matundu ya jante: diski ni sahani ya chuma inayong'aa.

Plaketi ikibaki na unene wa milimita 3 ao chini, wakati wake umefika. Inafaa kutoa gurudumu na kuangalia plaketi ya ndani pia, kwa sababu mara nyingi inaisha haraka kuliko ile ya nje. Diski nayo iko na alama ya MIN TH pamoja na namba: ndio unene wa chini unaokubaliwa. Sauti ya chuma juu ya chuma inaonyesha plaketi imekwisha kabisa. Upande wa kushoto na wa kuume zinabadilishwa siku moja, la sivyo motokari itavuta upande mmoja.

Kuzuia motokari isitembee

Hapa ndipo kuna hatari. Ili diski ya nyuma itoke, lazima freni ya mkono iachiliwe. Basi motokari inabaki bila kitu cha kuishika, na gia peke yake haitoshi. Inafaa kuchagua fasi tambarare, kisha kuweka mawe makubwa ao vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele.

Buloni za gurudumu zinalegezwa gurudumu likiwa bado chini. Kriki inawekwa juu ya ubao mnene, kwa maana udongo uliolowa mvua unaimeza. Motokari ikiisha kuinuka, inawekewa viguzo vya chuma ao gogo gumu la mti. Mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Ni vizuri kufanya upande mmoja kwa mara moja, ili ule mwingine ubaki kama mfano.

Kutoa na kurudisha

Etriye ikifunguliwa inafungwa kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Vumbi la freni halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani plaketi za zamani zinaweza kuwa na amianto inayoharibu mapafu. Linapanguswa na kitambaa chenye maji.

Diski ikikataa kutoka, diski nyingi ziko na matundu mawili yenye uzi. Buloni mbili zinazofaa, mara nyingi za milimita 8, zinaingizwa na kukazwa kidogo kidogo kwa zamu mpaka diski isogee. Fasi inapokaa diski inasuguliwa kutu na matope, ili diski mpya isikae kombo. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu: inaoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa, si kwa mazutu. Tone moja la mafuta juu ya plaketi linaweza kuiharibu.

Pistoni inaomba akili zaidi, na kuna namna tatu:

– Kama kamba ya freni ya mkono inafika kwenye etriye, pistoni mara nyingi inarudi kwa kuzungushwa. Kuisukuma kwa nguvu kunaivunja ndani.

– Kama freni ya mkono iko na viatu vidogo ndani ya diski, pistoni inasukumwa moja kwa moja. Diski ikikwama hapo, viatu vinalegezwa kupitia tundu la kurekebishia.

– Kama freni ya mkono ni ya umeme, pistoni haiguswi mpaka mfumo uwekwe katika hali ya matengenezo, kama kitabu cha motokari kinavyoeleza.

Pistoni ikirudi, mafuta ya freni yanapanda kwenye chupa yake. Yakimwagika yanakula rangi. Yanayoongezwa ni DOT 3 ao DOT 4, kufuatana na maandiko ya kifuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, sababu mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira, na freni zinakufa.

Kabla ya kuondoka

Pedali inakanyagwa mara nyingi moteri ikiwa bado imezimwa, mpaka iwe ngumu. Kanyago la kwanza linaweza kufika chini kabisa, na mtu aliyesahau jambo hili atagonga ukuta wake mwenyewe. Kisha freni ya mkono inajaribiwa kwenye mteremko mdogo, jiwe likiwa karibu na gurudumu.

Plaketi mpya zinazoeshwa kwenye njia tupu: kupunguza mwendo pole pole mara 10 hivi, bila kusimama kabisa, na kuachia freni zipoe katikati. Nyuma ya kilometa 50, buloni za magurudumu zinakazwa tena. Kama pedali inabaki laini, mafuta yanavuja ao motokari inavuta upande, safari inangoja mpaka fundi aione, hata kama mzigo umekwisha kupakiwa.