Nyumba ya Fernando: makumbusho yaliyozaliwa hospitalini

Leo katika historia tunavuka bahari hadi Brazili, mtaa wa Engenho de Dentro, jijini Rio de Janeiro. Huko, ndani ya eneo lililokuwa la hospitali ya magonjwa ya akili, kuna makumbusho yenye kazi zaidi ya 350,000: michoro ya penseli, picha za rangi, sanamu za udongo. Zilitengenezwa na watu waliotibiwa hapo, wengine wakiwa wamelazwa miaka na miaka.

Aliyeyaanzisha ni daktari mwanamke, Nise da Silveira, mzaliwa wa Maceió, mwaka 1905. Alipomaliza masomo ya udaktari Bahia mwaka 1926, alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume zaidi ya 150. Mwaka 1936 alikamatwa. Kosa lake? Muuguzi mmoja aliona vitabu vya siasa ya Marx chumbani mwake akaenda kutoa taarifa. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, na hata alipotoka hakurudishwa kwenye kazi ya serikali mpaka mwaka 1944. Hesabu mwenyewe: miaka minane. Wengi wetu hapa tunaijua miaka ya namna hiyo, ya kungojea sahihi ya mtu usiyemwona.

Aliporudi kazini alikuta matibabu mapya. Mgonjwa alipitishwa umeme kichwani, au alichomwa sindano za insulini hadi azimie, au alipasuliwa na kukatwa mishipa ya ubongo ili atulie. Madaktari wa wakati huo hawakuwa wanyama. Waliamini hayo ndiyo maendeleo. Siku moja daktari mwenzake alimwonyesha mashine ya umeme. Mgonjwa wa kwanza alilazwa, akatetemeka mwili mzima. Akaletwa wa pili, na Nise akaambiwa abonyeze kitufe. Akakataa.

Mkuu wa hospitali akawa na shida: amweke wapi daktari anayekataa matibabu? Palibaki idara moja tu isiyo na heshima, ile ya kuwapa wagonjwa shughuli. Na shughuli zenyewe zilikuwa kufagia na kusafisha vyoo. Nise aliichukua hiyo. Mwaka 1946 akaanzisha karakana ya kushona, kisha nyingine, na pamoja na kijana mchoraji aliyeitwa Almir Mavignier akafungua chumba cha kuchora. Kilikuwa na karatasi, rangi, brashi na udongo, basi. Hapakuwa na mwalimu wa kusahihisha. Mavignier aliandaa vifaa na kuwaacha watu wafanye.

Nise hakupenda kuwaita wagonjwa, aliwaita wateja. Kwa Kiswahili chetu neno hilo linanuka duka kidogo, lakini nia yake unaielewa: mteja ana haki ya kuuliza, na anaweza kukataa. Aliruhusu pia mbwa na paka kuingia, jambo lililowaudhi wakubwa wake. Aliona kwamba mtu asiyemjibu binadamu yeyote huanza kusema na mbwa, na mbwa hamhukumu.

Sasa nikupeleke kwa Fernando Diniz. Alizaliwa Bahia mwaka 1918, mtoto wa mama mshonaji. Walihamia Rio, wakaishi katika nyumba za kupanga zilizojaa watu, kila chumba familia yake. Mama alipokwenda kushona kwenye nyumba za matajiri alimchukua mtoto. Fernando akakua akitazama sebule za watu wengine: piano, meza, mazulia, mapazia. Shuleni aliongoza, na ndoto yake ilikuwa kuwa mhandisi. Ndoto hiyo ilikatika. Mwaka 1944 alikamatwa akiogelea uchi ufukweni Copacabana, na kutoka hapo akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alipofika kwenye chumba cha kuchora, picha zake za mwanzo zilikuwa vurugu, vitu vimerundikana juu ya vitu. Mtu mwingine angesema, unaona, ni kichaa kweli. Nise aliziweka zote, kwa tarehe. Kadiri muda ulivyokwenda Fernando alianza kuchora kitu kimoja kimoja: kiti peke yake, meza peke yake. Kisha akachora sakafu, kama fundi anayejua kwamba bila sakafu hakuna pa kuweka kiti. Na hatimaye vikakutana vyote, sebule nzima, kila kitu mahali pake. Mtu ambaye hajawahi kuwa na nyumba alikuwa anaijenga kwa rangi. Wewe unayelala chini ya turubai, unadhani hilo ni wazimu?

Ndiyo maana Nise hakutaka kazi hizo ziuzwe moja moja. Picha moja haisemi mengi. Mfululizo ndio unaoeleza safari ya mtu. Kwa hiyo mwaka 1952 akafungua makumbusho ili zikae pamoja.

Si kila safari ilifika vizuri. Lúcio alifinyanga askari wa vita kwa udongo, kazi zenye nguvu kweli. Nise alipinga asipasuliwe ubongo, lakini mwaka 1949 alipasuliwa. Akapewa udongo tena. Alichofinyanga baada ya hapo kilikuwa duni, kama cha mtoto mdogo. Kazi za kabla na za baada zilihifadhiwa, na hakuna hotuba inayoshinda ushahidi huo.

Mwaka 1957 picha za Engenho de Dentro zilionyeshwa Zurich, Uswisi, mbele ya madaktari wa akili wa dunia, na maonyesho yakafunguliwa na Carl Jung mwenyewe. Mwaka 2001 Brazili ilipitisha sheria ya kuwatoa watu wenye magonjwa ya akili kwenye kufungiwa na kuwahudumia karibu na jamii zao. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wengi, si ya Nise peke yake.

Nikuombe jambo moja kabla ya muziki: usisikie haya ukaacha dawa ulizopewa kliniki. Dawa za leo si mashine ile ya 1944.

Fernando aliendelea kuchora hadi uzeeni. Mwaka 1996 michoro yake ikawa filamu fupi ya katuni. Alifariki mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki Nise, akiacha maelfu ya picha. Sebule zake bado ziko Rio, na watu huenda kuzitazama.