Usanidi wa Mazingira ya Kuundia Programu zenye Nyuzi Nyingi katika Linux, 1995–2021

Mwaka 1995, kiwango cha POSIX 1003.1c kilisanifisha uundaji wa nyuzi katika programu za C, yaani mikondo kadhaa ya utekelezaji inayotumia kumbukumbu moja. Hata hivyo, lugha yenyewe haikuzitambua nyuzi hizo. Jukumu la kuiarifu kompaila liliachiwa mwandishi wa programu.

Katika Linux, maktaba ya LinuxThreads ya Xavier Leroy ilidai mambo mawili: kuunganishwa kwa alama ya -lpthread na kutangazwa kwa _REENTRANT. Athari za kuyasahau hazikulingana. Aliyesahau la kwanza kwa kawaida alizuiwa papo hapo na kiunganishi. Aliyesahau la pili alipata programu iliyokamilika bila onyo lolote, ilhali uzi wa pembeni uliweza kusoma errno, yaani namba ya kosa, ya uzi mkuu badala ya yake. Kwa hiyo, usanidi ulikuwa sehemu ya usahihi wa programu, wala si maandalizi tu.

Mzigo huo ulipunguzwa hatua kwa hatua. Alama ya -pthread ya GCC ilijumuisha matakwa yote mawili. Mwaka 2011, viwango vya C11 na C++11 viliingiza nyuzi na kanuni za kumbukumbu katika lugha zenyewe. Mwaka 2021, glibc 2.34 iliihamishia libpthread ndani ya maktaba kuu.

Mabadiliko hayo hayakukomesha nyuzi kugombea data. Hilo bado ni jukumu la mwandishi. Yalichofanya ni kuhamisha wajibu mmoja kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu hadi kwenye kiwango kilichoandikwa.