Sadaka na ndugu yake wa Kiebrania

Sadaka tuliipata kwa Waarabu. Wayahudi wana tsedaka, neno la mzizi huohuo, ila kwao linabeba maana ya haki. Ndiyo maana hata maskini anayeishi kwa kupewa naye hudaiwa atoe chochote.

Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alikwenda mbali zaidi. Mwenye dinari 1,000, alifundisha, asimpe mtu mmoja zote kwa mkupuo. Azitoe mojamoja, mara 1,000. Mkono wa birika haunyooki kwa siku moja, huzoezwa. (Aliyepata dinari moja huenda akanung'unika, lakini hapa mgonjwa anayetibiwa ni mtoaji.)

Kwetu sadaka imebaki hiari. Deni tumeiachia zaka.