Jumuiya Ilipovunjika, Hesabu Zilitangulia

Itakumbukwa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ilivunjika mwaka 1977. Sababu za kisiasa zimeelezwa mara nyingi. Lililoelezwa kwa nadra ni jinsi wasiwasi ulivyovuruga mawasiliano ya hesabu ndani ya mashirika yake.

Makao makuu ya Reli na ya Ndege yalikuwa Nairobi, ya Bandari Dar es Salaam, na ya Posta na Simu Kampala. Kila shirika lilitegemea taarifa kutoka nchi nyingine. Behewa lililopakiwa Mombasa likaenda Kampala lilifanya kazi katika nchi mbili, lakini malipo yalipokewa upande mmoja. Hati za mizigo na taarifa za mapato ndizo zilizoonyesha nani anamdai nani. Utaratibu huo ulisimama juu ya imani kwamba kila ofisi itapeleka inachodaiwa.

Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukutana tena kama Mamlaka ya Jumuiya. Mashirika yakakosa mwenye kukata shauri. Fedha zilizotakiwa kupelekwa makao makuu zikazuiwa, na kila upande ukaulaumu mwingine. Ni dhahiri kwamba mtumishi asiyejua kesho ataajiriwa na serikali ipi hutazama kwanza tarakimu yake itamfaa nani.

Mapema mwaka 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na Tanzania ikafunga mpaka. Msuluhishi, Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, alianza kazi mwaka 1978. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, na kila nchi ikatakiwa kuwalipa pensheni raia wake waliotumikia Jumuiya. Wafanyakazi hao walikuwa wamengoja karibu miaka saba.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, na taarifa zake za forodha hupitia kompyuta. Mitambo hiyo hufikisha upesi kile ilichopewa. Hapana shaka kwamba ukweli wake utaendelea kutegemea viongozi wanaokutana na watumishi wasioishi kwa hofu ya kesho.