Ubatili: hukumu au mvuke?

Mkataba batili hauna nguvu kisheria. Ndoa batili ni kama haikufungwa. Msomaji aliyezoea lugha hiyo ya mahakamani akifungua kitabu cha Mhubiri katika tafsiri ya Muungano ya 1952, anaweza kudhani kuwa mali, elimu na cheo vimefutwa kwa hukumu. Lakini neno la Kiebrania lililo nyuma ya “ubatili” ni hevel, yaani mvuke au pumzi (ndilo pia jina la Habili, yule aliyeuawa mapema). Mvuke upo, unaonekana, hata unalowesha, ila haushikiki. Mhubiri basi hasemi kwamba mafanikio ni haramu. Huyohuyo anahesabu chakula, kinywaji na furaha ya kazi kuwa zawadi ya Mungu. Anachokataa ni kuyafanya mafanikio nguzo ya kuegemea.

Mtu atauliza: kwa nini wafasiri hawakuandika “mvuke” tu? Hapa nawatetea. “Batili” katika asili yake ya Kiarabu hubeba pia maana ya kisichofaa kitu, na “ubatili” unarudi katika Warumi 8:20, ambako Paulo anatumia mataiotes, neno la Kigiriki ambalo Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, ililiweka mahali pa hevel. Kwa “mvuke”, uzi huo ungekatika. Na kwa Paulo ubatili hausimami peke yake: umefungamanishwa na tumaini la viumbe kuwekwa huru, tumaini ambalo Mhubiri, aliyepima maisha kwa yale yaonekanayo chini ya jua, hakulifikia.