Car Wash Yako Imechoka? Rekebisha Hizi Kabla Ununue Taa Za Rangi

Uko na car wash mtaani, labda uliachiwa na mzae. Mashine inakohoa, tanki inavuja, na juzi kuna wasee wamefungua ingine hapo mbele, iko na taa za rangi na waifai. Wateja wako wa kitambo sasa wanakupungia mkono wakipita.

Usikimbilie rangi. Mtu akileta ndai Jumamosi asubuhi anataka mambo mawili: ing'ae, na atoke haraka. Doo yako ianzie hapo.

1. Ploti ni ya nani?

Car wash nyingi Nairobi zimekaa kando ya barabara ama mto. Agosti 2018, Ukay Centre pale Westlands ilibomolewa juu ya kukaa kwa ardhi ya mto, na hilo lilikuwa jengo kubwa, si kibanda. Baada ya mafuriko ya 2024, matingatinga yalirudi kando ya mito. Kama uko sehemu kama hiyo, usimwage simiti. Nunua vitu unaweza kubeba na pikapu usiku mmoja: tanki ya plastiki, mashine ya magurudumu, tenti. Na kama umekodi, pata mkataba ulioandikwa kwanza.

2. Pima maji yako

Chukua mtungi wa lita 20, ujaze na mpira wa kawaida, na uhesabu muda na simu. Ukijaa kwa dakika moja, gari la dakika 10 limekunywa lita 200. Rudia na mashine ya presha. Ikijaza kwa dakika mbili, gari hilo hilo linatumia lita 100. Kwa magari 10, umeokoa lita 1,000, na siku ya mgao wa maji hiyo ndiyo tofauti ya kufungua na kufunga.

Mabati pia ni pesa. Mvua ya milimita 1 kwa mita mraba moja ni lita 1. Paa la mita mraba 60 likipata milimita 20, hiyo ni karibu lita 1,200, ukitoa kidogo ya kumwagika.

3. Usitupe mashine bado

Angalia oili ya pampu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi shida ni sili zimeisha. Nozo nayo ikitumika sana tundu lake hupanuka, presha inashuka. Sili na nozo ni bei ya chini kuliko mashine mpya, so muone fundi kwanza.

Stima usicheze nayo. Waya nyembamba ya kuungaunga hupata moto na mota inakosa nguvu. Weka swichi inayokata stima ikivuja. Vijana wako wanasimama kwa maji siku mzima.

4. Mikono ndiyo inarudisha mteja

Wacha sabuni ya nguo, inatoa waksi kwa rangi. Tumia shampuu ya gari. Kitambaa cha magurudumu kisiguse bodi, juu mchanga huchora. Ukiosha injini, usielekeze presha kwa alteneta ama boksi ya fyuzi. Gari moja ikikataa kuwaka hapo kwako, mtaa wote utajua kabla ya jioni.

5. Maji machafu yanaenda wapi?

Ukimwaga oili kwa mtaro, NEMA inaweza kukufungia. Jenga shimo la vyumba vitatu: mchanga unazama kwa cha kwanza, oili inaelea kwa cha pili, na maji yanapita kwa paipu iliyoanzia chini. Zoa mchanga na oili mara kwa mara, la sivyo hilo shimo ni pambo tu.

6. Vijana je?

Hapa ndipo wengi huharibu. Mashine mpya ikiingia, bosi anafuta nusu ya mbogi. Lakini mashine haikaushi vioo wala haifagii chini ya viti, na hao vijana ndio wanajua mteja anaitwa nani. Kama wanalipwa kwa kila gari, magari yakiongezeka nao wanaongeza.

Ukitaka ile style ya Marekani ya kujioshea, anza na wasee wa boda. Tenga kona moja, uza presha kwa dakika, mtu aoshe nduthi yake mwenyewe. Vijana wabaki na magari.

Malipo yaende kwa till ya biashara, si namba yako ya kawaida, ndio ujue umeingiza ngapi. Ukikopa, angalia muda. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund ulipoanza 2022 ulikuwa wa kulipa kwa siku 14. Huo unanunua shampuu, si mashine. Ya mashine, jaribu sacco.

Ukimaliza hayo yote na doo imebaki, sasa weka taa.