UZI: Ugomvi wa Mmarekani na Mrusi ulivyotufikia huku Pwani

Kila mjadala ukigusa vita vya Ukraine, lazima atokee mtu aulize: "Sasa ugomvi wa Mmarekani na Mrusi unatuhusu nini sisi watu wa Kwale?" Swali ni la haki, lakini mara nyingi hujibiwa kwa kejeli tu. Leo nalijibu kwa historia. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji mwanasiasa wala chama. Mnaojua mtajaza wenyewe.

Wengi husema nchi haina chuki, ina maslahi. Hiyo tumefundishwa mwaka wa kwanza na ina ukweli wake. Lakini maslahi hayajisomi yenyewe, kuna mtu anayeyasoma. Na Mmarekani wa Vita Baridi aliyasoma na miwani moja: popote palipotokea vurugu alimtafuta Mrusi, na akimkosa alidhani amejificha.

Tuanze Unguja, Januari 12, 1964. Sababu za Mapinduzi zilikuwa palepale visiwani: ardhi, matabaka, na uchaguzi wa Julai 1963 ambapo chama kilichopata asilimia 54 ya kura kiliambulia viti 13 kati ya 31. Jamani, ungehitaji mtu wa Moscow aje kukwambia ukasirike? Lakini Washington waliona Cuba ya pili. Ilikuwa miezi 15 tu tangu ule mzozo wa makombora, na Unguja palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga. Manowari ikaja kuwachukua raia wao, na serikali mpya ikakaa hadi Februari 23 bila kutambuliwa na Marekani wala Uingereza. Wiki hizo sita nani waliingia? Wasovieti, Wachina na Wajerumani wa Mashariki, waliowahi kuitambua. Yaani hofu ya Wakomunisti ndiyo iliyosaidia kuwafungulia mlango. Majumba waliyojenga Wajerumani hao Kikwajuni bado yanakaliwa na watu.

Muungano wa Aprili 26 ulipokuja, Washington walishusha pumzi. Wanahistoria bado wanabishana walichangia kiasi gani. Mimi sioni kama walihitaji kuubuni, viongozi wa huku walikuwa na hofu zao na hesabu zao.

Hapa Kenya mchezo ulikuwa wa kijanja zaidi. Wakubwa walielewa haraka kwamba neno "mkomunisti" lina bei nzuri London na Washington. Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilifika Mombasa na silaha za msaada, serikali ikazikataa ikisema ni kuukuu, zikarudishwa. Mwaka huohuo Taasisi ya Lumumba, iliyokuwa na pesa za Wasovieti, ikafungwa, na Waraka Namba 10 ukatangaza kwamba ujamaa wetu ni wa Kiafrika, si wa Marx. Machi 1966 wakafukuzwa wanadiplomasia wa nchi za Kikomunisti. Hospitali waliyojenga Wasovieti Kisumu ilibaki, na watu wanaiita "Russia" mpaka leo.

Tusidanganyane, hofu yote haikuwa ya kutungwa. Moscow ndiyo iliyokuwa ikiipa Somalia silaha, na Somalia ilikuwa ikidai kaskazini mashariki yetu. Lakini tazama kilichozikwa chini ya hofu hiyo. Aliyesema ardhi ya walowezi wapewe wasio nayo bila kulipia aliitwa mkomunisti, na mjadala ukafungwa. Hilo linatuhusu moja kwa moja sisi wa ukanda wa maili kumi, ambako sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wengi wakiitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Malalamiko ya ardhi ya Msambweni na Diani hayakuletwa na Mrusi. 1908 ni kabla ya Mapinduzi ya Urusi yenyewe!

Sasa njoo Mombasa, 1980, kwa sababu hapa ndipo watu husahau.

Novemba 1977 Somalia iliwafukuza Wasovieti baada ya Moscow kuiunga mkono Ethiopia kwenye vita vya Ogaden. Marafiki wakabadilishana, bunduki zikabaki zilezile. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Mwezi uliofuata rais wa Marekani akatangaza kwamba Ghuba italindwa hata kwa nguvu za kijeshi, na maofisa wake wakaanza kutafuta bandari kuizunguka Bahari ya Hindi. Ndani ya 1980 wakawa na mikataba na Oman, Somalia na Kenya. Kwetu walipata ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa pamoja na viwanja vya ndege. Hakuna Mrusi aliyekuwa ametutisha Likoni. Vita vilikuwa Kabul, mafuta yalikuwa Ghuba, na manowari zikaja Kilindini.

Agosti mwaka huohuo mwanamaji wa Marekani alimuua mwanamke Mkenya mjini Mombasa. Alikiri kuua bila kukusudia. Adhabu yake? Kutia sahihi dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na tabia njema, kisha akaenda zake. Nchi ilichemka: magazeti, wanawake, wanafunzi. Siwezi kuthibitisha kwamba mkataba wa kijeshi ndio uliopunguza adhabu ile, wala sitajifanya ninaweza. Ninachosema ni kwamba meli ziliendelea kuja, na uhusiano haukutikisika hata kidogo. Shilingi 500. Ukitaka kujua sera ya nje inampima vipi mtu wa kawaida, anzia kwenye kiasi hicho.

Miaka iliyofuata ilienda kwa mtindo huo. Juni 1982 Katiba ikabadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Watu wakawekwa kizuizini, wahadhiri wakakimbia nchi. Misaada ya Marekani iliendelea. Rafiki mwenye bandari hakemewi hadharani wakati Mrusi yuko Aden na Ethiopia.

Halafu ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, na ghafla balozi wa Marekani jijini Nairobi anazungumzia vyama vingi waziwazi. Novemba 1991 wafadhili wakazuia misaada mipya. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Desemba hiyohiyo Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Watu wa Saba Saba walikuwa wameshapigwa na kufungwa tangu Julai 1990, kwa hiyo sitampa Mmarekani sifa ya kuleta demokrasia. Lakini aliyekuwa akiulizia haki za binadamu miaka ya themanini alijibiwa "usalama kwanza", na jibu hilo lilikwisha muda Mrusi alipoanguka.

Na leo? Machi 2, 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuilaani Urusi, Kenya iliunga mkono, Tanzania na Uganda zikajizuia. Juni 2024 Marekani ikaitangaza Kenya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa imepiga marufuku kwa sheria urani iliyorutubishwa kutoka Urusi, jambo lililowafurahisha wachimbaji wa urani wa kwao. Mmoja wa wachimbaji hao ndiye aliyekamilisha Oktoba 2024 ununuzi wa kampuni iliyokuwa na mgodi wetu wa titani hapa Kwale. Hakuja kwa ajili yetu, mgodi ulifungwa Desemba ileile. Jicho lake lilikuwa kwenye mchanga wa Toliara, Madagaska, wenye madini adimu ambayo Marekani haitaki kuyategemea kutoka China.

Madini adimu na niobi ziko pia chini ya msitu wa kaya pale Mrima. Leseni ya Mrima ilifutwa 2013 na kesi ikafika hadi mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, ambako Kenya ilishinda 2018. Safari hii jina litakalotajwa kwenye vikao ni China badala ya Urusi. Watu wa Mrima watakaouliza fidia yao ni kiasi gani, na msitu wao utabaki na nini, wataitwa nani? Andikeni majibu yenu hapo chini, bila matusi na bila majina.